Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma: Maisha ya Nadar



Muulize babu au bibi yako jinsi wazee wao walivyosafiri baina ya Muscat na Unguja. Kabla ya kukusimulia habari za jahazi, atakusimulia habari za upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Disemba, majahazi yalitoka Oman kwenda Afrika Mashariki. Kusi iliposhika, yalirudi. Nahodha aliyechelewa msimu hakugombana na upepo. Alingoja, hata kama ni kwa miezi, kwa sababu alijua kwamba chombo ni chake lakini upepo si wake.

Leo nitakuhadithia maisha ya mtu aliyejifunza jambo hilohilo kwa njia ngumu. Hakujifunzia baharini. Alijifunzia angani, ndani ya puto, na siku aliyojifunza mke wake alikuwa pembeni yake. Mtu huyo ni Nadar, Mfaransa wa mji wa Paris, mpiga picha mashuhuri kupita wote wa zama zake. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba hadithi yake inapita pia Unguja.

Mtoto wa mchapishaji

Jina lake alilopewa na wazazi ni Gaspard-Félix Tournachon. Alizaliwa Paris mwezi wa Aprili mwaka 1820. Baba yake, Victor, alikuwa na kazi ya kuchapisha na kuuza vitabu, kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya karatasi na wino. Kisha biashara ikaanguka. Baba alifariki mwaka 1837, na Félix, akiwa na umri wa miaka 17, akajikuta yeye ndiye tegemeo la mama yake na mdogo wake, Adrien.

Alianza kusomea udaktari mjini Lyon, lakini fedha zikamwishia akaacha. Akaingia kwenye magazeti. Aliandika habari, aliandika hadithi, na alichora katuni za watu wakubwa wa mji. Alikuwa kijana mrefu mwenye nywele nyekundu, mcheshi, mwingi wa maneno, na marafiki zake walikuwa na mchezo wa kugeuzageuza majina. Tournachon wakaligeuza likawa Tournadar, kisha wakalikata mbele likabaki Nadar. Wewe unajua jinsi majina ya utani yanavyonata. Lake lilinata mpaka likawa jina la kazi, na hata alipofikishana mahakamani na mdogo wake juu ya nani ana haki ya kulitumia, ni yeye aliyeshinda.

Mwaka 1854 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Alitoa karatasi moja pana yenye katuni za waandishi na watu mashuhuri wapatao 250, wote wakiwa wamepanga foleni ndefu. Mwaka huohuo alifungua studio ya picha. Na mwaka huohuo alimwoa Ernestine Lefèvre. Liweke jina hilo akilini, maana tutalihitaji.

Siku zile kupigwa picha lilikuwa jambo la kukakamaa mbele ya mapazia na nguzo za bandia. Nadar aliviondoa vyote hivyo. Alimweka mtu mbele ya ukuta mtupu, akazungumza naye, akamchekesha, akangoja mpaka uso wake halisi utokeze. Mwandishi Alexandre Dumas, mshairi Charles Baudelaire na mwigizaji Sarah Bernhardt ni baadhi ya waliokaa mbele ya kamera yake. Leo hii tukitaka kujua nyuso zao zilikuwaje, tunaangalia picha za Nadar.

Picha kutoka mbinguni

Nadar hakuweza kutulia. Mwaka 1858 alipata wazo la kupiga picha ya nchi kutoka juu, kama aionavyo ndege. Wakati ule kamera haikuwa kitu cha mfukoni. Kioo cha picha kilipakwa dawa kikiwa kibichi, kikapigwa picha kabla hakijakauka, kisha kikasafishwa papo hapo gizani. Kwa hiyo ndani ya kikapu cha puto Nadar alijenga hema dogo la giza, na kazi yote akaifanya huko juu huku puto limefungwa kwa kamba lisiende mbali.

Mara za kwanza picha zilitoka nyeusi tupu. Alibadilisha dawa, akasafisha vioo, akarudia, na bado zikatoka nyeusi. Mwisho akagundua kwamba gesi iliyokuwa ikivuja kutoka mdomo wa puto, juu ya kichwa chake, ndiyo iliyokuwa ikiharibu dawa. Alipouziba mdomo wa puto, picha ikatoka. Ilionesha kijiji kimoja kusini-magharibi ya Paris, nyumba zake na barabara yake, kutoka urefu wa mita kama 80. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa picha ya kwanza duniani iliyopigwa kutoka angani.

Miaka michache baadaye alishuka chini ya ardhi, akapiga picha za mapango ya mifupa na mitaro ya maji machafu ya Paris kwa taa za umeme. Ndiyo tabia yake: pale watu waliposema haiwezekani, yeye alikwisha kwenda kutazama.

Kitabu kinachoanzia Unguja

Rafiki mmoja wa Nadar alikuwa Jules Verne, ambaye wakati huo hakuna aliyemjua. Januari mwaka 1863 Verne alitoa kitabu chake cha kwanza cha safari za ajabu, Wiki Tano Ndani ya Puto. Ndani yake Daktari Fergusson, rafiki yake na mtumishi wake wanavuka Afrika nzima kwa puto, kutoka mashariki mpaka Senegal. Na wanaanzia wapi? Wanaanzia Zanzibar, mwaka 1862.

Huo ni wakati ambao familia nyingi zetu hapa Muscat zinaujua kwa masimulizi. Sayyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856, na nchi ikagawanyika baina ya wanawe: Sayyid Thuwaini hapa Muscat, Sayyid Majid kule Unguja. Mgawanyo huo ulithibitishwa mwaka 1861. Kwa hiyo puto la Verne linapaa kutoka katika milki ya Sayyid Majid, mwaka mmoja tu baada ya hapo.

Ndani ya kitabu Daktari Fergusson ana ujanja. Hapigani na upepo. Anapanda au kushuka mpaka apate upepo unaoelekea anakotaka, kisha anauacha umchukue. Ni wazo zuri, na lina ukweli ndani yake, maana pepo za juu na za chini mara nyingi hazielekei upande mmoja. Lakini karatasini upepo humtii mwandishi. Rafiki yake Nadar alikuwa karibu kuonana na upepo wenyewe.

Jitu

Katika mwaka huohuo wa 1863 Nadar alijenga puto kubwa ajabu. Alilipa jina la Le Géant, yaani Jitu. Lilishonwa kwa takriban mita 20,000 za hariri na tumbo lake lilichukua gesi mita za ujazo 6,000. Kikapu chake kilikuwa nyumba ya fito yenye ghorofa mbili, ndani yake mna vyumba, choo, mahali pa kusafishia picha na hata mashine ndogo ya kuchapa.

Hapa nikueleze jambo. Maputo ya kitalii ya siku hizi hupaa kwa hewa moto inayowashwa na moto wa gesi chini ya puto. Jitu halikuwa hivyo. Lilijazwa gesi nyepesi kuliko hewa, ile iliyotumika kuwasha taa za mji. Ili kupanda, waliomo walimwaga mchanga uliobebwa kwenye mifuko. Ili kushuka, walivuta kamba iliyofungua kilango cha juu, kiitwacho vali, gesi ikatoka. Kwenda mbele, kulia au kushoto, hapakuwa na kamba ya kuvuta. Huko ni kazi ya upepo.

Na ajabu ni hii: Nadar alijenga puto kubwa namna hiyo kwa sababu hakuyaamini maputo. Aliamini kwamba siku moja binadamu ataruka kwa chombo kizito kuliko hewa, chenye mashine ya kukisukuma, kama ndege anavyojisukuma kwa mbawa. Yeye na wenzake waliunda chama cha kuendeleza wazo hilo, na Verne alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Chama kilihitaji fedha. Jitu lilijengwa ili watu walipe kulitazama na kulipanda, na fedha hizo zitengeneze chombo kitakacholistaafisha puto.

Safari ya kwanza ilifanyika tarehe 4 Oktoba 1863 kutoka uwanja wa Champ de Mars, Paris, mbele ya umati mkubwa. Walitarajia kwenda mbali. Usiku huohuo walishuka karibu na mji wa Meaux, kilomita kama 40 tu kutoka walikoanzia, na kikapu kikalala ubavu. Watu walichubuka, na magazeti yakacheka.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Ungelikagua puto kwa miezi, au ungerudi uwanjani haraka ili kicheko kinyamaze? Nadar alirudi baada ya wiki mbili.

Usiku na asubuhi yake

Tarehe 18 Oktoba, saa za jioni, Jitu lilipaa tena. Mfalme wa Ufaransa, Napoleon III, alikuwapo akitazama. Ndani ya kikapu walikuwamo watu tisa. Waliokuwa wakiliendesha ni ndugu wawili wa ukoo wa Godard, Louis na Jules, mabingwa wa kazi hiyo. Nadar alikuwamo. Na Ernestine, mkewe, alikuwamo.

Usiku kucha walisafiri juu ya mawingu. Walipita Ubelgiji, wakapita Uholanzi, wakaingia nchi ambayo leo ni Ujerumani. Na sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya puto huusikii upepo. Puto linakwenda pamoja na upepo, kwa mwendo uleule, kwa hiyo hewa inayokuzunguka imetulia kana kwamba umekaa sebuleni. Upepo ukiongezeka, puto linaongeza mwendo, nawe bado unaona utulivu. Hatari ipo, ila haigongi mlango mpaka uiguse ardhi.

Asubuhi jua likatoka. Jua lilipolipiga puto, gesi ya ndani ikapata joto, ikatanuka, na Jitu likaanza kupanda. Waendeshaji waliogopa kwamba likiendelea kutanuka litapasuka, wakaamua kushuka. Vali ikafunguliwa. Kadiri walivyokaribia ardhi, ndivyo walivyoona kitu ambacho usiku mzima kilijificha: mashamba na miti vilikuwa vikikimbia chini yao. Upepo wa asubuhi ulikuwa mkali.

Umewahi kuwa ufukweni Qurum siku ya upepo, mwavuli mkubwa wa kivuli ukang'oka mchangani? Unajua unavyokwenda: unagusa chini, unaruka, unagusa, unaruka, na mwenyewe anaukimbilia nyuma. Sasa fikiria mwavuli wenye tumbo la mita za ujazo 6,000, na watu tisa wamening'inia chini yake.

Walitupa nanga zikavunjika. Kikapu kiligonga ardhi, kikarushwa juu, kikagonga tena. Gesi ilikuwa ikitoka, lakini polepole mno, na puto lililobaki nusu limejaa likawa kama tanga lililoshika upepo. Liliwakokota katika mashamba, miti na madimbwi. Mbele yao ikatokea njia ya reli, na garimoshi linakuja. Watu kikapuni walipiga kelele kwa nguvu zao zote. Dereva aliwaona, akasimamisha garimoshi, na Jitu likapita mbele yake na kuzikata nyaya za simu zilizokuwa kando ya reli. Jules Godard alipanda kamba za puto huku kikapu kikirukaruka, akaanguka, akapanda tena, mpaka akaipata kamba ya vali. Mwisho wake ni miti ya msitu iliyolipasua na kulishika puto, karibu na mji wa Nienburg katika ufalme wa Hanover.

Walikuwa wamekwenda kilomita kama 650 kwa usiku mmoja, zaidi ya nusu ya njia ya kutoka Muscat hadi Salalah. Hakuna aliyekufa, alhamdulillah. Lakini Nadar aliumia miguu vibaya, mwenzao mmoja alivunjika mkono, na Ernestine alitolewa ameumia sana. Mfalme wa Hanover aliagiza majeruhi watunzwe, na habari zikaenea Ulaya nzima. Paris sasa ilikuwa haicheki.

Kwa nini kutua ni kugumu

Waswahili wamekwisha kusema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mchongoma una miiba, na mwenye pupa ya kupanda huikumbuka wakati wa kushuka. Hebu tuitazame miiba ya Jitu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni upepo wa chini. Puto hutua kwa mwendo wa upepo, na halina breki. Upepo mdogo hukuweka chini taratibu, upepo mkali hukukokota. Ndiyo maana maputo ya leo, Serengeti, Masai Mara au jangwani kwetu, hupaa alfajiri, wakati hewa imetulia.

Wa pili ni jua. Jua likishapanda, mchanga na mawe hupata joto, hewa ya chini inakuwa nyepesi na kuanza kupanda kwa mafungu. Hewa hiyo hulinyanyua puto na kulitikisa bila rubani kutaka. Wewe mkaazi wa Oman huhitaji kuelezwa zaidi. Tazama tu hewa inavyochezacheza juu ya lami saa sita mchana. Saa hiyo puto linatakiwa liwe limekwisha kukunjwa.

Wa tatu ni vitu vilivyosimama ardhini: nyaya, miti, reli, nyumba. Nyaya za umeme ni adui mkubwa wa puto mpaka leo, kwa sababu kutoka juu ni vigumu kuziona.

Wa nne ni kuitoa hewa haraka. Jitu lilikataa kutulia kwa sababu gesi yake ilitoka kidogokidogo. Maputo ya leo yana tundu pana kileleni ambalo rubani hulifungua kwa kamba, na hewa moto ikatoka kwa muda mfupi.

Na upo mwiba wa tano, ambao hauko angani wala ardhini. Upo moyoni. Ni ile haraka ya mtu aliyechekwa. Watu wamekwisha kulipa, mfalme amekwisha kufika, magazeti yanangoja. Katika hali hiyo nani atasimama aseme leo hatupai? Rubani mzuri wa leo hutazama utabiri wa hewa, hurusha kijiputo kidogo kuona upepo unaelekea wapi, na asipopenda anachokiona huwarudisha watu hotelini hata kama wameamka saa kumi za usiku. Wageni hununa. Basi na wanune. Aliyenuna amefika nyumbani salama.

Baada ya ajali

Ungedhani Nadar angenyamaza. Alifanya jambo gumu zaidi. Mwaka uliofuata, 1864, alitoa kitabu kizima juu ya Jitu, ajali ikiwemo. Hoja yake ilikuwa ileile ya mwanzo, ila sasa alikuwa na makovu ya kuithibitishia: chombo kinachokwenda popote upepo utakapo hakiwezi kuwa chombo cha usafiri. Mbele ni kwenye mashine nzito yenye nguvu zake yenyewe.

Jitu lilitengenezwa likapaa tena mara kadhaa. Mwaka 1864 lilipokwenda Brussels, Ubelgiji, viliwekwa vizuizi vya kuhamishika ili umati usilisonge puto. Mpaka leo Wabelgiji huviita vizuizi vya namna hiyo kwa jina la Nadar, na wengi wanaovipita barabarani hawajui kuwa ni jina la mtu. Lakini fedha zilizotarajiwa hazikupatikana. Puto lilikula mali kuliko lilivyoingiza. Verne kwa upande wake alimpa rafiki yake zawadi ya mwandishi: katika kitabu chake cha safari ya kwenda mwezini, cha mwaka 1865, shujaa anaitwa Ardan. Zipange upya herufi hizo uone jina gani linatokea.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yaliizingira Paris. Barabara zilifungwa, reli zilifungwa, nyaya za simu zikakatwa. Nadar, mwenye umri wa miaka 50, alikwenda kwenye kilima cha Montmartre na wenzake, wakaweka kambi ya maputo. Tarehe 23 Septemba 1870 puto liitwalo Neptune, likiendeshwa na Jules Duruof, liliondoka hapo na mifuko ya barua, likapita juu ya vichwa vya maadui na kutua salama karibu na Évreux, upande wa magharibi. Hiyo ilikuwa mwanzo wa posta ya angani ya Paris. Mpaka vita vinakwisha, maputo zaidi ya 60 yalikuwa yametoka, yakibeba barua zaidi ya milioni mbili.

Fikiria maana ya barua hizo. Mama yuko ndani ya mji uliozingirwa, mtoto yuko nje, na hakuna anayejua kama mwenzake yu hai. Wazee wetu waliotengana na jamaa zao baina ya Unguja na Oman wanaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Na upepo ulibaki kuwa ni upepo. Maputo yalijua kwenda, hayakujua kurudi, kwa hiyo majibu yaliletwa na njiwa. Maadui walipoanza kuyapiga risasi, maputo yakawa yanaondoka usiku, na usiku rubani haoni anapokwenda. Mwezi wa Novemba puto moja liliondoka Paris usiku, na kesho yake likajikuta milimani Norway, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Mengine yalipotelea baharini. Tofauti na safari ya Jitu ni hii: safari hizi zilikuwa na dharura iliyostahili hatari yake. Watu hawakupaa ili watazamwe.

Mzee aliyeona

Nadar aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliendelea na picha, akaandika kumbukumbu zake, akamlea Ernestine alipopata maradhi ya uzeeni. Mke aliyetoka naye hai kule Hanover alifariki mwaka 1909, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 50.

Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Louis Blériot aliruka kwa ndege yenye injini kutoka Ufaransa mpaka Uingereza, juu ya bahari. Ndicho kile chombo kizito kuliko hewa. Nadar, mwenye miaka 89, alikipata duniani kitu alichokitetea tangu mwaka 1863, akampelekea Blériot salamu za pongezi. Miezi michache baadaye, Machi 1910, naye akafariki.

Na Unguja je? Mwaka 1962, miaka 100 kamili baada ya safari ya kubuni ya Verne, Mwingereza Anthony Smith na wenzake walikuja na puto la gesi waliloliita Jambo, wakapaa kutoka Unguja na kuvuka bahari mpaka bara ya Tanganyika. Kama una jamaa aliyekuwa mtoto Unguja mwaka ule, muulize kama aliwahi kusikia habari za puto hilo.

Mwanangu unayesoma, sikukuhadithia haya ili uogope kupanda. Nadar asingepanda, isingepigwa ile picha ya kwanza kutoka angani. Nilitaka uone kwamba ushujaa wa kupanda huonekana na kila mtu, na hupigiwa makofi. Ushujaa wa kungoja hauna mpiga makofi. Nahodha aliyekaa bandarini akisubiri kaskazi hakuandikwa gazetini. Lakini alifika, na kwa sababu alifika, wewe upo.

Zungumzeni nyumbani

1. Kwa nini watu waliomo ndani ya puto hawausikii upepo?
2. Nadar alirudi kupaa baada ya wiki mbili tu. Unadhani alikosea wapi, na alipatia wapi?
3. Muulize mzee wa nyumbani: ni siku gani aliwahi kuahirisha safari, na ilikuwaje?

Maneno ya wiki

Puto: mfuko mkubwa uliojazwa gesi au hewa moto ili upae.
Vali: kilango cha kuingizia au kutolea gesi, hewa au maji.
Fito: vijiti vyembamba vya kujengea au kusukia.
Kukokota: kuvuta kitu kikiburuzika chini.
Mchongoma: mti mdogo wenye miiba mingi.